Amri Isiyofahamika

Twawauliza walimu wetu: mtoto asiyetii amri asiyoifahamu, je, ni mkosa? Huko Kericho na Bomet, mchuma chai kwa mkono haambiwi "chuma vizuri" tu. Huambiwa achume majani mawili na chipukizi. Hapo ajua aanzie wapi na akomee wapi, na mwenziwe aweza kumsahihisha. Lakini darasani twasema "kaeni kwa adabu," kisha twakasirika. Adabu ipi? Wanyamaze, au wasaidiane? Sheria ya Kenya ilikataza fimbo shuleni mwaka 2001. Lakini fimbo ikiondoka na maneno yakabaki na kiza, watoto watashirikiana vipi? Sisi twaona kosa la kwanza ni la mwalimu. Na aseme jambo moja, kwa maneno machache, amtake mtoto mmoja kulikariri. Ndipo awe na haki ya kudai utii.