Jino Lisilo na Uhai na Suala la Ushahidi

Matibabu ya mzizi wa jino huondoa kiini kilichooza, husafisha mifereji na kuiziba. Jino hubaki kinywani bila uhai ndani yake. Ubishi kuhusu usalama wake ulianzia hapo. Mwaka 1910 William Hunter, tabibu wa London, alihutubia mjini Montreal akidai kuwa usaha uliofichwa chini ya taji za dhahabu huzaa maradhi mwilini. Mwaka 1923 Weston Price wa Cleveland alichapisha majaribio yake: alipachika meno yaliyotibiwa mzizi kisha yakang'olewa chini ya ngozi ya sungura, nao wakaugua. Kwa hofu hiyo meno mengi yaling'olewa bure, hata ya wagonjwa wa akili huko New Jersey.

Kasoro ya majaribio ya Price ni ya kimantiki kabla ya kuwa ya kitabibu. Jino lenye vijidudu vingi likizikwa ndani ya mnyama mdogo litamdhuru, liwe limetibiwa au la. Pasipo ulinganisho madhubuti, chanzo hakijulikani. Wapinzani wa leo wa matibabu ya mzizi hudai uthibitisho kwamba hakuna dhara lolote kabisa. Hakuna tiba iwezayo kuutoa, hata dawa ya kichwa. Kinachopimika ni uwezekano: takriban meno tisa kati ya kumi yaliyotibiwa hudumu miaka kadhaa, mengine huambukizwa upya, hasa mfereji ukisahaulika.