Safari ya Wengi, Zamiri ya Kila Mmoja

Kijana mmoja wa mafundisho aliniuliza: «Mwalimu, nikisafiri na rafiki zangu kwenda kutazama mashindano makubwa ya mpira katika nchi ya mbali, nao wakatenda ubaya, kosa ni la nani? Wazee husema: Penye wengi pana Mungu.» Swali hili lastahili jibu.

Tarehe 29 Mei 1985 watu maelfu walifika Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, kutazama fainali ya Kombe la Ulaya. Wengine walitoka Uingereza kuishangilia Liverpool, wengine Italia kuishangilia Juventus. Kabla ya mchezo kuanza katika uwanja wa Heysel, Waingereza kadhaa waliwashambulia watu waliosimama karibu nao. Hao wakakimbia, wakasongamana ukutani, na ukuta ukaanguka. Walikufa watu 39, wengi wao Waitalia.

Tuseme kweli yote: uwanja ulikuwa mkuukuu, na ulinzi haukutosha. Lakini uwanja haukumshambulia mtu. Pengine kila mshambuliaji alijiambia: «Siko peke yangu.» Hata hivyo, mwaka 1989 mahakama ya Ubelgiji haikuhukumu kundi, iliwatia hatiani Waingereza 14, kila mmoja kwa jina lake. Kundi halina mikono. Mikono ni ya watu.

Tazameni sasa wasafiri wengine. Tarehe 2 Julai 2018, huko Rostov katika nchi ya Urusi, Japani ilitangulia kwa mabao 2 katika Kombe la Dunia. Kisha Ubelgiji ikafunga 3, na la mwisho likaingia mchezo ukikaribia kwisha. Washangiliaji wa Japani walihuzunika, wengine wakalia. Lakini kabla ya kuondoka walitoa mifuko, wakaokota takataka. Haikuwa kazi yao. Walikuwa ugenini, nao wameshindwa. Ndiyo maana ya methali: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Je, basi, kundi ni jambo baya? Sivyo. Anayeinua mkono kwanza ili kupiga hupata wafuasi. Anayeinama kwanza ili kuokota hupata wafuasi vilevile. Kundi huongeza nguvu, haliongezi zamiri.

Na yule asiyepiga, bali anacheka tu? Naye ana sehemu yake, kwa maana kicheko chake humtia moyo mwenye kupiga. Lakini anayejaribu kuwazuia wenzake, ijapokuwa hawamsikii, huyo hana hatia.

Ninyi wakatekumeni, siku ya Ubatizo padri hataliita kundi lenu. Atamwita kila mmoja kwa jina lake. Basi mkisafiri, iwe ng'ambo ya bahari au kijiji cha jirani, nendeni pamoja na mfurahi pamoja. Lakini kila mmoja achukue zamiri yake, kama achukuavyo chakula chake cha njiani. Hapo ndipo penye wengi patakuwa na Mungu.