Je, Upendo Ule Ulikuwa wa Uongo? Tafakari kuhusu waliotoka kwenye vikundi vinavyofunga watu



Leo naomba tutafakari jambo ambalo huku Ubungo tunaliona sana ila tunalizungumza kwa kunong'ona. Kuna vijana waliowahi kuingia kwenye vikundi vya kidini vinavyombana mtu mpaka anakosa pumzi, baadaye wakatoka. Wengine wamerudi parokiani, wengine hawajaenda kokote, wapo tu nyumbani. Na wengi wao bado wanatafutana. Wanapigiana simu, wanatembeleana, wakikutana kituoni Kimara wanasimama saa nzima wanaongea. Sisi tulio pembeni tunashangaa: si mmeshatoka? Mnaongea nini tena?

Ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba chini ya stori zote kuna swali moja. Yale tuliyoishi kule yalikuwa ya kweli, au yote yalikuwa uongo? Wale walioniletea uji nilipougua walinipenda, au walikuwa wananitega tu? Hilo si swali dogo. Mtu akilijibu vibaya anaweza asimwamini tena binadamu yeyote, na wakati mwingine hata Mungu anamwona kama mmoja wa waliomdanganya.

Hakuna anayejiunga na kifungo

Tuanze na namna mtu anavyoingia. Fikiria kijana ameshuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, ana begi moja na hana ndugu Dar. Au binti wa mwaka wa kwanza Mlimani, amepata chumba Hosteli za Mabibo, Jumapili hajui aende kanisa gani. Anatokea mtu mwenye uso mwema, anamkaribisha kwenye kikundi. Kule wanamjua kwa jina. Akiumwa wanakuja. Akikosa nauli wanachanga. Huku kwetu huenda alikaa benchi moja na sisi miezi mitatu, na hakuna aliyemuuliza anaishi wapi.

Kubana kunakuja taratibu. Kwanza anaambiwa marafiki wa zamani wanampunguzia upako. Halafu bumu likitoka, fungu la kumi halitoshi, inatakiwa "mbegu". Halafu kiongozi anataka ajue dhambi zake zote, na wiki inayofuata anazisikia zikitajwa mbele za watu kama unabii. Halafu anachaguliwa mchumba, au anakatazwa kwenda msibani kijijini kwao kwa sababu ndugu zake "wana mizimu". Mwisho linakuja neno la kufunga kazi: ukitoka hapa, umelaaniwa. Kila hatua ilikuwa ndogo, na kila hatua iliombwa na watu aliowapenda. Kwa hiyo tukisema "wale walikuwa wajinga" tunakosea. Wengi wao walikuwa wapweke, na walikuwa na kiu ya Mungu.

Afrika Mashariki tunajua jambo hili linaweza kufika wapi. Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada, milango na madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari. Kikundi chao kilijiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Waumini waliuza mali zao, na waliishi kimya wakiwasiliana kwa ishara. Viongozi wake hawakutoka mbali na sisi: Joseph Kibwetere alikuwa Mkatoliki anayejulikana, na Dominic Kataribabo alikuwa padre.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaohusishwa na kanisa la Paul Mackenzie, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa. Mackenzie amekana mashtaka dhidi yake. Lakini angalia na walionusurika. Baadhi yao walikataa kula hata baada ya kuokolewa, na Juni mwaka huo watu 65 walifikishwa mahakamani Shanzu wakishtakiwa kwa kujaribu kujiua. Mwili ulishatoka msituni, dhamiri ilikuwa bado kule. Kutoka ni safari ndefu, haimaliziki siku unayovuka geti.

Tusiwanyooshee wengine kidole tu

Hapa mtu anaweza kusema: hayo ni ya manabii, kwetu hakuna. Pole pole. Mwaka 1971 huko Lima, Peru, mlei Luis Fernando Figari alianzisha shirika la Kikatoliki liitwalo Sodalitium Christianae Vitae. Mwaka 1997 Roma ikalithibitisha. Vijana wengi waliingia kwa moyo safi. Mwaka 2000 José Enrique Escardó, aliyekuwa mwanachama, alijitokeza hadharani kueleza unyanyasaji ulivyokuwa ndani. Hakusikilizwa ipasavyo. Mwaka 2015 mwanachama mwingine wa zamani, Pedro Salinas, pamoja na mwandishi wa habari Paola Ugaz, walitoa kitabu kilichobeba shuhuda za waliotoka. Mwaka 2025, siku chache kabla ya Papa Francisko kufariki, shirika lile lilifutwa kabisa.

Kutoka mwaka 2000 mpaka 2025 ni miaka 25. Ukweli ulitunzwa na nani miaka yote hiyo? Kwa sehemu kubwa na waliotoka, waliokubali kukumbuka na kuzungumza wakati wengine wanawaambia wanyamaze. Kwa hiyo tunapowaona wa kwetu huku Ubungo wakitafutana, tusiharakishe kuwahukumu.

Hoja mbili za wanaowalaumu

Hoja ya kwanza: hawa wanafanana na Waisraeli jangwani, wanaikumbuka nyama ya Misri. Wangekuwa wametoka kweli wasingekuwa na hamu ya kule.

Mimi naona tofauti. Waisraeli walitamani kurudi utumwani ili washibe. Lakini aliyetoka kwenye kikundi hamkumbuki kiongozi. Anamkumbuka yule dada waliyelala naye sakafuni kwenye mkesha, aliyemgawia nusu ya khanga yake. Anakumbuka nyimbo za alfajiri. Anakumbuka jinsi alivyokuwa na watu arobaini wanaojua jina la mama yake, na siku alipotoka akabaki na simu isiyoita. Huyo amefiwa, ila ni msiba usio na turubai, hakuna anayekuja kumpa pole.

Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba uovu hauna asili yake wenyewe, ni upungufu wa wema uliopaswa kuwepo. Tulitumie fundisho hilo hapa. Kikundi kinachobana hakiwezi kumfunga mtu kwa uongo mtupu, hakuna anayekaa miaka mitano kwa ajili ya uongo mtupu. Kinamfunga kwa vitu vizuri: sala, udugu, chakula cha pamoja, matumaini. Kamba ni ya mtu mwovu lakini nyuzi alizosukia ni za kweli. Yule dada aliyekugawia khanga alikuwa amedanganywa kama wewe, na khanga ilikuwa ya kwake. Alikupenda. Na sala uliyosali kwa machozi hukumpelekea kiongozi, ulimpelekea Mungu, na Mungu hakungoja uhamie anwani sahihi ndipo akusikie.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lile ni hili: upendo ule haukuwa wa uongo. Uliibiwa. Na kitu kilichoibiwa mwenyewe ana haki ya kukidai. Waliotoka wanapopigiana simu, wanadai kilicho chao.

Hoja ya pili: wasamehe, wasahau, kwa nini wanafukua kaburi? Lakini kusamehe hakuwezekani kama jambo lenyewe halijatajwa. Nitasameheje kitu ambacho nakatazwa kusema kilitokea? Tena kuna waliobaki ndani, na pengine ushuhuda wa aliyetoka ndio mwanga pekee utakaowafikia.

Hata hivyo, nao waliotoka wajichunge. Urafiki unaokula chuki peke yake kila siku unaanza kumtafuna mwenyewe. Na mkianza kumtenga mwenzenu kwa sababu amesamehe mapema, au kwa sababu bado anasali sana, mjue mmejenga kikundi kingine kinachobana. Kujilaumu nako kuna mipaka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba dhamiri humfunga mtu hata pale inapokosea, na aliyedanganywa bila uzembe wake hahesabiwi kosa lile. Ulifuata mwanga uliokuwa nao. Leo una mwanga zaidi, ufuate huo.

Kipimo ni mlango

Sasa tutajuaje kundi gani linatoka kwa Mungu? Watu wengi wanapima kwa miujiza au kwa wingi wa watu. Mimi napendekeza tutazame mlango: mtu akitaka kutoka, anatokaje?

Katika Injili ya Yohane sura ya 6, wafuasi wengi walimwacha Yesu baada ya fundisho la mkate wa uzima. Hakuwakimbilia na laana. Aliwageukia wale Kumi na Wawili akawauliza kama na wao wangependa kuondoka. Fikiria, Mwana wa Mungu anawaonyesha marafiki zake mlango! Katika sura ya 10 anajiita mlango, na kondoo wake wanaingia na kutoka. Na yule baba wa Luka 15 alimpa mwanawe urithi, akamwacha aende. Hakufunga geti, hakutuma watumishi wamrudishe kwa nguvu. Alibaki baba, basi, na kijana alipotokea mbali baba alimwona kwanza.

Kanisa limeweka jambo hili hata kwenye sheria zake. Kanuni ya 630 inawakataza wakubwa wa mashirika kumshawishi mtawa awafunulie dhamiri yake. Kanuni ya 991 inampa kila mwamini uhuru wa kuchagua muungamishi aliyeidhinishwa. Siri ya kitubio haivunjwi kamwe. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 7 Desemba 1965, ulitamka kwamba katika mambo ya dini mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Pale sheria hizi zilipopuuzwa, hata ndani ya Kanisa, watu waliumia. Kwa hiyo popote utakapoingia, iwe kikundi cha sala, kwaya au hata chama chetu cha vijana, ukiona mlango wa kutokea umefungwa kwa vitisho, shtuka.

Sisi tufanye nini?

Akirudi mwenzetu kwenye jumuiya, tusimwambie "si tulikuambia?" Tusimsimamishe wiki ya kwanza atoe ushuhuda. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: huenda akisikia watu wanasali kwa sauti kubwa anatetemeka, mwache akae nyuma karibu na mlango. Mkaribishe chakula, muulize habari za kazi. Akitaka kumtembelea rafiki yake wa kule, usimkataze. Akiwa tayari, padre yupo na sakramenti ya kitubio ipo. Kama alipigwa, alifungiwa au alinyang'anywa mali, msindikize polisi au ustawi wa jamii. Kama halali usiku, msaidie ampate mshauri wa saikolojia. Hiyo si kukosa imani.

Na kama una ndugu ambaye bado yuko ndani, usikate mawasiliano hata akikujibu kwa ukali. Mtumie salamu Krismasi, mwambie mama anaendeleaje. Usibishane naye kila siku. Siku akishtuka usiku wa manane akiwa hana pa kwenda, awe na namba moja ambayo ana uhakika itapokelewa.

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe uliye mlango, uwakumbuke wote waliofungwa kwa jina lako. Waliotoka uwape marafiki wa kweli, na walio ndani uwape hamu ya hewa. Nasi utufanye nyumba ambayo mtu anakaa kwa sababu anapendwa. Amina.