Haki ya Kusema Nimesikia

Kwa hesabu za vitabuni, mnara wa FM wenye urefu wa mita 100 na antena yangu ya mita 10 mwisho wake ni kilomita 54 hivi. Mawimbi ya FM, baina ya megahezi 87.5 na 108, huenda karibu kwa mstari ulionyooka, na kwa kuwa dunia ni mviringo, mbele ya hapo yanapita juu ya vichwa vyetu na kupotelea angani. Mombasa iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Wete, Pemba, ninapoishi. Lakini jioni za kaskazi, bahari ikiwa shwari, Pwani FM au Radio Rahma hunijia safi kana kwamba mtangazaji amekaa Chake Chake. Kuna usiku hata Lamu, kilomita 300 na zaidi, imeshika.

Sababu yake inajulikana. Hewa kavu ya joto hutandaa juu ya hewa yenye unyevu iliyogusana na bahari, na pale zinapokutana mawimbi hupindwa yakarudi chini, yakaambaa na bahari badala ya kuruka. Nimesomesha fizikia maisha yangu yote ya kazi, na jambo hili halijawahi kunichosha. Antena nimeitengeneza mwenyewe kwa mabomba ya alumini, kwa mpangilio wa Wajapani wawili, Yagi na Uda, uliotangazwa mwaka 1926. Wajukuu huniuliza kwa nini napanda darini na stesheni zote hizo zimo ndani ya simu. Nawajibu kwamba simu inaniambia ni nani anayesema, na mimi nataka nimjue kwa kumsikia.

Hapo ndipo penye swali langu, nalo si la fizikia: ni lini mtu anakuwa na haki ya kusema nimesikia?

Nianze na kutosikia. Edwin Armstrong, Mmarekani aliyepata hataza za FM mwaka 1933, alituachia redio yenye tabia ya ajabu. Kwenye redio za zamani za AM, stesheni mbili zikigongana katika masafa mamoja utazisikia zote mbili zikivurugana. FM haifanyi hivyo. Redio humshika mwenye nguvu na kumfuta mnyonge kabisa, hata kama tofauti yao ni desibeli chache tu. Kwa hiyo mahali ambapo miaka yote unapajua kuwa ni pa stesheni moja ya Tanga, chini yake huenda pana wengine, nao wanasema usiku na mchana. Umeme ukikatika upande wa pili, Tanga inanyamaza, na papo hapo anaingia mtu mwingine katikati ya sentensi yake. Hakuanza kusema wakati huo. Alikuwapo.

Na si lazima kungoja umeme ukatike. Antena ya aina ya hii yangu ina upande ambao ni kiziwi. Mara nyingi siielekezi kwa ninayemtafuta. Naizungusha mpaka yule wa karibu aangukie upande wa uziwi, kisha nakaa kimya. Sijui maelezo bora zaidi ya itikafu kuliko haya. Anayeingia msikitini siku kumi za mwisho za Ramadhani haendi kumvuta Mungu karibu. Anayageuzia ubavu yaliyo karibu naye.

Nimekaa matangani na watu waliofiwa na mtoto, nikamsikia mzazi akisema kwamba ameomba na Mungu amenyamaza. Siwezi kumtolea mtu huyo hoja ya redio, na wala redio haithibitishi Mungu: mnara wa Mombasa naweza kupanda chombo nikaenda kuugusa. Lakini redio imenifunza kwamba ukimya wa chombo changu ni habari za chombo changu. Hauniambii kama upande wa pili pana mtu au hapana.

Basi? Hapa panataka tahadhari, kwa sababu mlango huu ukiachwa wazi kila mtu atapita. Atakuja mwenye ndoto na maono, aseme: mimi nasikia, wewe antena yako tu haijaelekea. Sisi tunaosaka stesheni za mbali tuna nidhamu moja inayotulinda na jambo hilo. Huandiki daftarini mpaka umtambue: ataje jina la stesheni, au mji, au tangazo la duka lenye mtaa unaojulikana, au redio isome ile alama ya herufi na tarakimu nne ambayo baadhi ya stesheni huirusha pamoja na sauti. Sikio lenye hamu hujijazia. Ukiingoja Mtwara kwa shauku, hata mkwaruzo utaanza kutaja Mtwara.

Wanazuoni wa hadithi walilijua hili mapema. Wengi wao waliweka juu ya njia zote kusikia kwa masikio yako kutoka kinywani mwa sheikh. Na aliyezoea kusema "kutoka kwa fulani" huku akificha kuwa hakumsikia yeye mwenyewe, hata kama si mwongo, riwaya yake ya namna hiyo haikupokewa mpaka atamke wazi kwamba alisikia.

Usiku mmoja, tarehe 29 Shaaban, nilimshika mtangazaji akisema mwezi umeonekana. Kabla hajataja mahali, sauti ikafifia, ikapotea. Kijana wa jirani alikuwa chini ananiita: "Maalim, vipi, ushaandama?" Nikamwambia: "Mwanangu, nimemsikia mtu akisema umeonekana. Ni nani na yuko wapi, sikujaaliwa." Alitaka ndiyo au siyo. Sikuwa nayo.

Katika Sahihi Muslim imo habari ya Kuraib, aliyerudi Madina kutoka Sham na kueleza kuwa huko mwezi ulionekana usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akamuuliza kama aliuona yeye mwenyewe. Akasema ndiyo, na watu waliuona wakafunga. Ibn Abbas hakumkadhibisha, lakini watu wa Madina waliuona usiku wa Jumamosi, akabaki na hesabu hiyo. Kwa habari hii wengi wa Mashafii, madhehebu ya pwani yetu, wanasema kila eneo lina mwezi wake. Wengi wa madhehebu mengine wanasema ukionekana mahali pamoja unawatosha wote. Tunagombania hukumu hiyo kila mwaka, mpaka ndugu wawili wa nyumba moja wanasali Idi siku mbili. Swali lile la Ibn Abbas tunaliruka: umeuona wewe?

Ramadhani ijayo utaletewa ujumbe kwenye simu kwamba mwezi umeandama. Kabla ya kuupeleka kwa mwingine, muulize aliyekuletea: nani kauona, na alikuwa wapi? Akikosa jibu, tafadhali ujumbe huo ukomee kwako.