Mwenye Timu na Wenye Furaha

Masisi na Walikale, huku Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, hazina hata timu moja ya ligi kuu. Viwanja vipo, tena vingi. Kipo cha mteremko, ambapo timu inayoshambulia kuelekea chini ina faida kabla hata filimbi haijapulizwa, na kipo cha malishoni, ambapo ng'ombe husogezwa kwanza ndipo mechi ianze. Kuna timu za vijiji, za shule, za parokia na za wachimbaji. Na karibu kila timu ina mtu wake: mwenye duka, mnunuzi wa koltani, mheshimiwa anayesubiri uchaguzi, mara nyingine mtu mwenye bunduki. Huyo ndiye anayeleta jezi. Wiki ya kwanza analeta jezi, wiki ya pili anamleta na mpwa wake avae namba kumi.

Swali la mwenye timu aingilie mambo ya timu kiasi gani huulizwa sana huko kwenye viwanja vya matajiri, London au Milan. Mimi naona linajibika vizuri zaidi hapa Kivu ya Kaskazini, kwa kuwa watu wa hapa wanawajua wenye mali wa kila aina. Wamemwona mwenye mgodi asiyefika kabisa, wamemwona anayefika na askari, wamemwona aliyeondoka usiku na kumpisha mwingine. Ukitaka kujua ni nini hasa mtu anakuwa nacho anaposema "timu yangu", anza kwa kutazama ni nini mtu anakuwa nacho anaposema "mgodi wangu".

Chukua Bisie, kule Walikale. Mawe ya bati yalianza kuchimbwa pale 2002, msituni, mahali pasipo na njia ya gari. Wachimbaji waliingia mashimoni, kila shimo likiwa na mkubwa wake anayeitwa PDG, kama vile ni mkurugenzi wa kampuni kubwa mjini. Wabebaji walitoa magunia mgongoni kwa miguu hadi Njingala, kisha mzigo ukafika Kilambo, ambako barabara ya lami iligeuzwa kiwanja cha ndege: magari yanasimamishwa, ndege inatua barabarani, inapakia, inaruka kwenda Goma. Kwa miaka kadhaa brigedi ya 85 ya jeshi la serikali ndiyo iliyokuwa ikitawala pale na kutoza. Leo Bisie ni mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin. Mnamo Machi 2025, waasi wa M23 walipoisogelea Walikale, kampuni ilisimamisha kazi, na bei ya bati ikapanda duniani kote. M23 walipoondoka Walikale mwezi uliofuata, kazi ikarudi.

Katika misukosuko yote hiyo, bati halikubadilika. Awe mwenyewe ni PDG, kanali au kampuni yenye wanahisa ng'ambo, awe anapendwa au anachukiwa, gunia lina uzito uleule na thamani ileile. Mgodi hauhitaji kupendwa na mtu.

Timu ya mpira haiko hivyo. Waondoe watu wanaoipenda, kinachobaki ni vijana kumi na mmoja na deni la hoteli. Thamani yote ya timu, hata ile inayoandikwa kwenye vitabu vya hesabu, inatokana na watu wasio na hisa hata moja: anayeshona kitambaa cha rangi ya klabu, anayekosa chakula cha jioni apate kiingilio, anayegombana na shemeji yake kwa ajili ya penalti. Mwenye timu anamiliki kitu ambacho wengine wanakitengeneza kila siku kwa kukipenda, na hawamdai ujira. Ndiyo maana anamiliki kidogo kuliko anavyodhani na anadaiwa zaidi kuliko anavyojua.

Kwa upande wa sheria, klabu nyingi za Kongo hazina mwenyewe. Ni vyama vya wanachama, na mkubwa wake ni rais anayechaguliwa. Kwa upande wa mfuko ni kinyume. Rais ndiye anayelipa mishahara, ndege na posho ya ushindi, na kila mtu anajua mkutano mkuu utampigia nani makofi. Kwa hiyo hata asiye na cheti cha umiliki anaweza kuwa mwenye timu, pengine kuliko mwenye cheti.

AS Vita Club ya Kinshasa, mabingwa wa Afrika wa 1973, iliongozwa kwa zaidi ya miaka kumi na Jenerali Gabriel Amisi, maarufu kwa jina la Tango Four. Chini yake, Florent Ibenge akiwa kocha, Vita ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa 2014 na kulikosa kombe mbele ya Entente Sétif ya Algeria kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Ilikuwa timu ya kupendeza, na Kinshasa ilimshukuru jenerali wake. Sasa fungua karatasi nyingine. Taarifa ya kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Novemba 2010 ilimtaja jenerali huyohuyo katika biashara ya dhahabu ya mgodi wa Omate, Walikale. Taarifa ya wataalamu si hukumu ya mahakama, na sisemi kwamba gramu moja ya Omate ilinunua kiatu kimoja cha mchezaji wa Vita. Nauliza jambo jingine: katika uwanja mzima uliojaa mashabiki siku ile ya fainali, ni nani aliyekuwa na haki ya kuuliza pesa imetoka wapi? Hakuna. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini pia huingia bila habari, na hiyo ya pili ndiyo inayotuponyoka.

Nenda sasa Lubumbashi. TP Mazembe ilianzishwa na watawa Wabenedikto 1939, ikawa bingwa wa Afrika 1967 na 1968, kisha ikasinzia. Moïse Katumbi aliichukua 1997. Makombe ya Ligi ya Mabingwa yakaja 2009, 2010 na 2015. Uwanja mpya ukajengwa Kamalondo. Shule ya soka ikafunguliwa. Mbwana Samatta akachukuliwa kutoka Simba 2011, na miaka mitano baadaye akaenda Ulaya akiwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza barani. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kipa Robert Kidiaba alishangilia kwa makalio, akirukaruka chini kama mtoto, na mpaka leo ukitaja jina lake kijijini mtu atakaa chini akuonyeshe. Fainali Inter Milan walishinda 3-0, lakini nani anaikumbuka hiyo?

Majira hayohayo, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, rais wa wakati huo, Kabila, alikuwa amepiga marufuku uchimbaji mdogo katika Kivu zote mbili na Maniema. Wachimbaji wa Walikale hawakuwa na kazi. Furaha ya Abu Dhabi iliwafikia hata hivyo, bure, bila kibali wala ushuru. Naitaja kwa sababu furaha hiyo ni mali kamili, ingawa hakuna aliyeweza kuitoza.

Katumbi ni mfano wa mwenye timu aliyezama ndani hadi shingoni. Watu wenye msimamo mkali juu ya jambo hili wangesema amezidi: klabu, biashara ya madini, ugavana wa Katanga tangu 2007 hadi 2015, mbio za urais, vyote vikivaa jezi moja. Ni kweli kwamba katika nchi hii ni vigumu kusema makofi ya uwanjani yanaishia wapi na kura inaanzia wapi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na marais wa klabu husifiwa kuliko wagema wote.

Lakini angalia kilichotokea alipoondoka. Mei 2016, baada ya kugombana na Kabila, Katumbi alitoka nchini na hakurudi mpaka Mei 2019. Miaka mitatu mwenye timu hakuonekana kwenye jukwaa la uwanja wake mwenyewe. Mazembe ilifanya nini? Ilibeba Kombe la Shirikisho 2016. Ikalibeba tena 2017. Mtu anaweza kusema alikuwa akipiga simu kila siku, na sitabishana naye. Lakini simu haipangi ukuta wakati wa frikiki. Kilichobeba makombe yale ni vitu alivyoviacha vikisimama: uwanja, makocha, mishahara inayofika, utaratibu ambao haukuhitaji macho yake. Ligi ya Mabingwa, hata hivyo, haijarudi Lubumbashi tangu 2015, na hilo nalo liwekwe mezani.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu. Kuhesabu ni mara ngapi mwenye timu anaingia chumba cha kubadilishia nguo hakutoshi. Tazama timu itakuwaje siku ambayo hayupo. Aliyejenga vizuri anaweza kukamatwa, kufukuzwa, kufilisika au kufa, na Jumapili mechi ikachezwa. Yule wa jezi na mpwa hajajenga kitu. Siku akigombana na kamati anadai jezi zake zirudishwe, na hilo limetokea kwenye vijiji vingi mno kuliita kichekesho.

Wengine wamejaribu kuliweka jambo hili katika sheria. Ujerumani ina kanuni ya kuwaachia wanachama wingi wa kura. Tanzania, Simba ilipoamua kumkaribisha Mohammed Dewji kama mwekezaji, serikali ilisisitiza asilimia 51 zibaki kwa wanachama na 49 ndizo ziende kwa mwekezaji. Naipenda nia ya kanuni hizo. Ila wanaofuatilia mabishano ya Msimbazi, makao ya Simba, wanajua kwamba asilimia 51 ya watu wasioweza kulipa mshahara wa mwezi mmoja inaweza kunyamazishwa na simu moja. Masisi ilishayaona hayo kwenye madini. Kule Rubaya, kampuni ya SMB ilikuwa na kibali, chama cha wachimbaji COOPERAMMA kilikuwa na watu mashimoni, na 2013 wakaandikiana mkataba: hawa wachimbe, wale wanunue. Karatasi ilikuwa safi. Ugomvi wa malipo haukuisha. Kisha Aprili 2024 M23 wakaichukua Rubaya, na kwa mujibu wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakawa wanakusanya karibu dola 800,000 kila mwezi kutokana na koltani. Aliyekuwa na haki kwenye karatasi na aliyekuwa na jembe mkononi, wote wakawa watu wa kutozwa.

Nimekuwa nikisema juu ya wenye timu wanaoingilia mno. Wako pia wasioingilia kabisa, na husifiwa kwa busara: tajiri amekaa mbali, amewaachia wataalamu, hapigi simu kwa kocha. Arsenal ni ya familia ya Kroenke ya Marekani, na miaka ya karibuni imekuwa mfano wa utulivu wa namna hiyo. Kuanzia 2018 mkono wa jezi yao uliandikwa "Visit Rwanda". PSG na Bayern Munich nao wakaingia mikataba na Rwanda. Mwanzoni mwa 2025, Goma ilipotekwa na maelfu kwa maelfu ya watu wa Masisi wakiwa tayari wamekimbia makwao, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia klabu hizo tatu akizitaka ziachane na udhamini huo. Rwanda ilikana kuwa nyuma ya M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika vinginevyo. Miezi michache baadaye Kinshasa yenyewe ikaingia sokoni, ikasaini na Monaco, AC Milan na Barcelona, na watu wengi wakauliza, kwa haki kabisa, hizo pesa zingejenga viwanja vingapi nyumbani.

Mtazame basi kijana wa Masisi, shabiki wa Arsenal, amevaa jezi ya mtumba yenye maneno hayo begani, anatembea na godoro kichwani kuelekea kambini. Ameibeba timu. Ameibeba na mdhamini. Ni mmoja wa wale ambao mapenzi yao ndiyo yanayoufanya ule mkono wa jezi uwe na bei. Na hakuna mlango hata mmoja wa klabu ile ambao angeweza kuubisha.

Mwenye timu aliyekaa mbali na kocha amefanya vizuri. Aliyekaa mbali na swali la pesa imetoka wapi na jina la nani linaandikwa kwenye jezi amekimbia kazi yake. Kwa macho yangu, wengi wamegeuza mambo: wanajazana pale pasipowahusu, kwenye kupanga kikosi, na hawaonekani pale ambapo hakuna mwingine anayeweza kuwajibika. Kocha akipanga vibaya, tunafungwa Jumapili na tunasahau Alhamisi. Mwenye timu akipokea pesa vibaya, kuna mtu mahali fulani anayelipa kwa muda mrefu, na huenda mtu huyo amevaa jezi ya timu hiyohiyo.

Kwa hiyo, wewe unayeleta jezi pale kijijini, Masisi au Walikale, ziache zibaki mikononi mwa kamati, uandike kiasi ulichotoa na kilikotoka, na mpwa wako asubiri benchi kama wengine. Na ninyi mnaoshangilia, muulizeni. Kuuliza si kazi bure: Arsenal na Rwanda walitangaza Novemba 2025 kwamba mkataba wao utaisha mwishoni mwa msimu wa 2025/26, baada ya mashabiki wa klabu hiyohiyo kupiga kelele kwa muda mrefu.