"Tulikubaliana": Je, tajiri amesalimika?

MUISLAMU mwenye duka au kiwanda akiulizwa kwa nini anamlipa kibarua wake ujira usiotosha hata chakula cha watoto, jibu lake huwa jepesi: "Tulikubaliana." Anaamini kwamba maadamu amelipa walichoafikiana, tena kabla jasho halijakauka kama alivyousia Mtume (s.a.w.), basi mbele ya Allah (s.w.) hana deni. Tulitazame vizuri jibu hilo.

Adam Smith wa Scotland, ambaye mabepari wanamhesabu kuwa baba yao, aliandika mwaka 1776 kwamba kabla ardhi haijapata wenyewe na mtaji haujalimbikizwa, mfanya kazi alichukua chote alichozalisha. Baadaye ikabidi agawane na mwenye ardhi na mwenye mtaji. David Ricardo (1817) naye akaipima thamani ya bidhaa kwa kazi iliyotumika. Karl Marx, mwaka 1867, akaigeuza hoja hiyo hiyo kuwa mashitaka: mfanyakazi anauza nguvu zake za siku nzima, gharama ya kumuweka hai inarudi kwa saa chache, na saa zinazobaki anamtumikia tajiri bure.

Wasomi wetu hupenda kujigamba kuwa Ibn Khaldun aliwatangulia hawa wote. Ni kweli. Katika Muqaddima, mwaka 1377, alieleza kuwa pato la watu latokana na kazi zao. Lakini alieleza pia, na hili hatulisikii sana, kwamba kuwatumikisha watu bila haki ni katika dhulma kubwa zinazobomoa miji, kwani kazi ndiyo mali yao.

Sasa turudi kwenye "tulikubaliana". Smith mwenyewe, ambaye hakuna atakayemtuhumu ukomunisti, alikiri kuwa katika kuvutana juu ya ujira, tajiri anaweza kuishi mwaka au miwili bila kuajiri mtu, ilhali wafanyakazi wengi hawamalizi hata wiki bila kazi. Je, mapatano baina ya anayeweza kusubiri mwaka na asiyeweza kusubiri wiki ni ridhaa? Sheria yetu haikubali biashara ya kulazimishwa. Kwani njaa hailazimishi?

Marx hatumfuati, alimkana Mungu, na alitaka kufuta umiliki wa mtu binafsi wa nyenzo za uzalishaji. Kwetu kuajiri ni halali na faida ni halali. Lakini itazameni mudharaba: faida hugawanywa kwa fungu lililoafikiwa, ikija hasara, mwenye mali hupoteza mali na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Kibarua wetu hana fungu katika faida, na biashara ikiyumba yeye ndiye wa kwanza kupunguzwa.

Mtume (s.a.w.) ametufikishia kuwa Siku ya Kiyama Allah atakuwa hasimu wa aliyepokea kazi kamili kwa mfanyakazi kisha asimpe ujira wake. Mimbarini hadithi hii husomwa kwa tajiri aliyekimbia na mshahara. Yule aliyelipa kidogo kwa kuwa alijua mwenzake ana njaa, khutba yake bado hatujaisikia.