Mchango kwa Mtoto Usiyemjua

Sisi ni watu wa michango. Harusi ikitangazwa, kamati inaundwa na kadi zinagawiwa. Msiba ukitokea, maturubai hayajafungwa na tayari daftari la rambirambi limefunguliwa. Mtoto akilazwa, jina lake linaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kabla ya magharibi mweka hazina ameshatuma orodha: shangazi elfu ishirini, jirani wa zamani elfu tano, mtu ambaye hata sura yake huikumbuki elfu kumi. Naipenda desturi hii kwa moyo wote, maana ndiyo iliyomshika mkono mpwa wangu alipougua. Lakini ugonjwa wake ulinionyesha kwamba upo mchango mmoja ambao karibu hatuuitishi kamwe, na leo nataka kuuombea.

Alikuwa darasa la kwanza, kwao kando ya Ziwa Victoria, meno ya upande mmoja yalipoanza kulegea na shavu kuvimba. Bibi yake alisema ni meno ya utoto tu. Kituo cha afya walikompeleka kwanza wakang'oa jino moja, wakampa vidonge vya maumivu. Shavu likazidi. Ikatafutwa dawa ya kienyeji ya kupaka. Jicho la upande ule lilipoanza kusukumwa nje, dada yangu alipanda basi naye hadi hospitali ya rufaa. Huko madaktari hawakungoja: walikata kinyama kidogo, kikapelekwa maabara. Majibu yakasema ni limfoma ya Burkitt.

Dada alinipigia simu usiku ule. "Kaka, wanasema ni kansa. Hivi na watoto wanapata kansa?"

Wanapata. Kila mwaka duniani watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 yao hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki asilimia 30. Limfoma ya Burkitt ni mojawapo ya saratani zinazowapata sana watoto wa ukanda wetu. Hukua kwa kasi ya kutisha. Uvimbe waweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Pamoja na hayo inatibika, na ikiwahiwa huitikia dawa haraka sana.

Ukoo ukafanya kile unachokijua. Fedha zilikuja kutoka Musoma, Dar es Salaam, hadi kwa binamu aliyeko Muscat. Zikalipia nauli, vipimo, damu, chakula cha dada wodini. Mtoto akaanza dripu na sindano za mgongoni. Nywele zikadondoka, midomo ikajaa vidonda, usiku akalia kuomba arudishwe nyumbani. Lakini shavu likaanza kushuka, tena kwa haraka, mpaka sura yake ikarudi.

Kitanda cha pili alilala mtoto mwenziwe, wa umri ule ule, ugonjwa ule ule, dawa zile zile. Mama zao walipika pamoja, wakafuliana nguo, wakapokezana kulala. Yule mtoto alifariki. Siku ya kuruhusiwa kwetu, dada hakuuliza habari ya vidonge wala tarehe ya kurudi kliniki. Alimuuliza daktari: "Kwa nini wangu amepona na wa mwenzangu hakupona, na dawa ni moja?"

Daktari alimjibu kwa heshima na kwa ukweli: "Mama, bado hatujui."

Swali hilo lilinikaa. Nikataka kujua hata kile kidogo kinachojulikana kilipatikanaje, na nani alikilipia. Nilichokikuta ni historia ndefu ya michango.

Mwaka 1947 huko Boston, Marekani, daktari Sidney Farber alianza kuwapa watoto wenye saratani ya damu dawa iliyoitwa aminopterini, wakati ambapo watoto hao walikuwa wakisubiri kifo tu. Baadhi walipata nafuu, ingawa ya muda. Farber alihitaji fedha za kuendelea. Mei 1948 kipindi cha redio kiliwaleta wachezaji wa besiboli kando ya kitanda cha mvulana wa miaka 12, mtoto wa familia ya wakulima kutoka Maine, aliyekuwa na limfoma ya tumboni. Jina lake halisi, Einar Gustafson, lilifichwa. Wasikilizaji waliambiwa anaitwa Jimmy. Waliombwa wachangie apate televisheni ya kutazamia timu yake. Zikaja zaidi ya dola 200,000, na mfuko wa utafiti uliozaliwa pale upo hadi leo. Gustafson alipona, akaishi hadi 2001. Na methotreksati, aliyochomwa mpwa wangu mgongoni, ni ndugu wa dawa ile ya Farber.

Sura ya pili ya historia hiyo ni ya kwetu kabisa. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona watoto wenye uvimbe wa taya uliofanana, akajiuliza ni ugonjwa gani huu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakazunguka kwa wiki kumi takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Gharama yote haikufika pauni 700. Wakagundua kwamba ugonjwa hufuata ukanda wenye joto na mvua, na huadimika kwenye nyanda za juu zenye baridi. Njia hiyo ndiyo iliyowafikisha watafiti kwenye uhusiano wake na malaria.

Burkitt alipotoa mhadhara London, mtafiti mmoja, Anthony Epstein, aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege kutua London, ikapelekwa Manchester. Kichupa kilipomfikia Epstein, maji yake yalikuwa yamechafuka, na wengi wangekimwaga. Yeye alikitazama kwa darubini, akaona seli za saratani zilizo hai zikielea. Kutokana na seli hizo, mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kirusi kilipewa jina la Epstein na Barr. Mtoto wa Uganda aliyetoa kinyama kile hatajwi.

Hapo ndipo nilipoelewa nani ni mchangiaji wa kwanza wa utafiti. Ni mtoto mgonjwa mwenyewe. Wapo watoto wa Kampala waliojaribiwa dawa kabla kipimo sahihi hakijajulikana, na wengi wao hawakukaa duniani kuona faida. Mpwa wangu anacheza mpira leo kwa sababu yao, na kwa sababu ya watu waliotoa fedha bila kumjua, yeye akiwa bado hajazaliwa. Deni la namna hii hulilipi kwa kumshukuru aliyekukopesha, kwa kuwa humjui na pengine hayupo tena. Unalilipa kwa kumpa anayekuja.

Na kazi iliyobaki haiwezi kufanywa na wengine kwa niaba yetu. Dozi kali zinazoponya karibu watoto tisa katika kumi huko Ulaya zinahitaji benki ya damu isiyopungukiwa, antibayotiki za kila aina na vyumba vya uangalizi maalumu. Mpe dozi hiyo mtoto aliyedhoofishwa na utapiamlo na malaria, katika wodi yenye uhaba wa damu, na dawa yenyewe inaweza kumuua. Ni dozi gani inamfaa mtoto wa Ukerewe, wa Kisumu, wa Gulu? Jibu litapatikana Ukerewe, Kisumu na Gulu. Yapo pia maswali yasiyohitaji mashine ya gharama. Kwa mfano, kwa nini wazazi huacha matibabu katikati? Wauguzi wanaijua sababu moja: uvimbe huu huyeyuka upesi baada ya dozi za mwanzo, mzazi akadhani mtoto amepona, msimu wa kilimo unamwita, nauli imekwisha. Akirudi, saratani imerudi kabla yake.

Fedha za ukoo zilibaki kidogo matibabu yalipokwisha. Tulikutana kuamua. Dada akapendekeza ziende kwenye wodi ile ile, ambako walikuwa wakitafuta fedha za kuwafuatilia watoto walioacha matibabu na kuandika sababu zao. Baba mkubwa hakuridhika. "Mgonjwa namwona," alisema. "Maiti naiona. Utafiti nitauona wapi?"

Dada akamjibu kwa upole: "Baba mkubwa, dawa aliyopewa mjukuu wako ilikuwa utafiti kwanza."

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama tutaletewa maelezo ya fedha zilivyotumika. Aliuliza haki. Utafiti wa afya hapa Tanzania unatakiwa uwe na kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ni miongoni mwa wanaokitoa. Anayechanga ana haki ya kukiona kibali na kupewa taarifa. Tukapeleka fedha, zikanunua nauli na muda wa maongezi. Mambo madogo, lakini kwa mtafiti anayewasaka wazazi vijijini hivyo ndivyo vifaa vya maabara yake. Tangu hapo, kila Februari 15, siku ya kimataifa ya saratani ya watoto, ukoo wetu hupitisha daftari.

Waislamu wanaijua sadaka inayoendelea kumfikia mtoaji hata akiwa kaburini, na mojawapo ni elimu yenye kunufaisha. Wakristo nao wameambiwa habari za kupanda akavuna mwingine. Imani zetu hazijatufunga tutoe kwa tunayemwona tu. Tumejizoesha wenyewe kumchangia mtoto akishaugua, na kumchangia zaidi akishafariki.

Kwa hiyo naomba hivi. Kamati za harusi, vyama vya wahitimu, vikoba, makundi ya misikitini na makanisani: tengeni sehemu ndogo ya mnachokusanya kwa ajili ya utafiti wa saratani za watoto katika hospitali zetu wenyewe. Ulizeni kibali, daini taarifa, someni majibu hata yakiwa machungu. Mzazi utakayeombwa ridhaa ili jalada au damu ya mwanao itumike kwa utafiti, uliza kila unachotaka kuuliza, na ukiridhika, saini ukijua kwamba nawe umechanga. Yule mama aliyempoteza mwanawe kitanda cha pili alisaini. Yeye ametoa kuliko sisi sote, na swali aliloachiwa linastahili kujibiwa kabla mtoto mwingine hajalazwa pale.